Kameno na Makuyu: Migongo Yenye Uso Mmoja

Swali moja la mtihani kuhusu The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o halichoki kurudi: eleza Mto Honia kama ishara. Mtahiniwa huandika kwamba mto huo unaunganisha na kutenganisha, kwamba ni uhai na pia ni mpaka, akapata alama zake akaenda zake. Jibu hilo si la uongo. Kasoro yake ni kwamba linauchukulia mto kama kitu kinachojisimamia, mstari mmoja wa buluu juu ya karatasi tupu. Mto haukai hivyo. Mto ni ile sehemu ndogo inayoonekana ya eneo kubwa ambalo mvua yake yote huishia mahali pamoja, eneo ambalo wataalamu wa maji huliita dakio. Nikiisoma riwaya hii kwa jicho la dakio, naona kwamba ustadi wake mkubwa wa kifani na upofu wake mkubwa vina asili moja, nayo ni namna mwandishi alivyoichora migongo miwili ya ardhi, Kameno na Makuyu.

Tuanze na ukurasa wa kwanza, maana humo kila kitu kimeshaamuliwa. Hakuna mtu, hakuna kisa, hakuna mazungumzo. Msimulizi yuko juu, mahali ambapo hakuna mhusika anayeweza kusimama, na kutoka huko anaiona migongo miwili imelala sambamba, bonde katikati, na mto ndani ya bonde. Nyuma ya hiyo miwili kuna mingine mingi, lakini anaitaja kwa jumla na kuiacha. Kutoka juu migongo hiyo inafanana na simba waliojilaza kwa amani. Kisha msimulizi anashuka. Anatuweka chini bondeni, kando ya maji, na palepale simba wanageuka kuwa mahasimu wanaotazamana, kila mmoja akitaka kuitawala nchi. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Kilichohama ni jicho.

Hiyo ndiyo fani ya kitabu kizima, imefumbwa ndani ya aya chache. Mtazamaji akiwa juu, anaona umoja. Akiwa chini, anaona uadui. Waiyaki, shujaa wa kisa, atatumia maisha yake mafupi akijaribu kuwasimulia watu wa bondeni kile kinachoonekana kutoka juu, nao hawatamwelewa, kwa sababu wao hawajawahi kusimama huko. Ngũgĩ aliandika haya akiwa mwanafunzi wa Makerere. Riwaya aliipeleka kwanza kwenye shindano kwa jina la The Black Messiah, na ilipochapishwa mwaka 1965 ilikuwa ya pili kutoka japo ndiyo aliyoianza kwanza. Kwa kijana wa umri wake, kuanza riwaya kwa umbo la ardhi peke yake, bila binadamu, ni ujasiri ambao sidhani umesifiwa inavyostahili.

Umbo hilo hakulitunga kichwani. Safu ya Nyandarua imejengwa kwa tabaka za lava zilizoinama kuelekea mashariki, na mito inayozaliwa msituni huko juu imezichimba tabaka hizo kwa mifereji inayokwenda sambamba. Ukishuka kutoka kaskazini kwenda kusini unaipita mmoja baada ya mwingine: Gura, Mathioya ya Kaskazini, Mathioya ya Kusini, Maragua, Thika, Chania, Ndarugu, Ruiru. Mtu aliye kwenye ndege huliona eneo hilo kama bati la paa lililoinamishwa, maji ya kila mto yakishuka katika mfereji wake, na mfereji mmoja haukutani na jirani yake mpaka karibu na ukingo wa chini. Kutoka msituni hadi nyanda za chini, mgongo mmoja unaweza kwenda makumi ya kilomita bila kukatika, wakati upana wake ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Jiografia hiyo ilizaa jamii ya namna yake. Kwa Wagĩkũyũ, mgongo, yaani rũgongo, ulikuwa kipimo cha ujirani, cha ulinzi na cha utawala wa wazee. Ardhi ya ukoo mdogo, mbarĩ, mara nyingi ilikuwa ukanda unaoanzia juu ya mgongo, penye nyumba, na kuteremka hadi mtoni, penye viazi vikuu, miwa na maji ya kunywa. Njia kuu zilipita juu mgongoni, na hata leo barabara nyingi za Murang'a hufuata mkondo huohuo wa kale. Kwa hiyo mtu wa ng'ambo unaweza kumwona akianika nguo, unaweza kumwita akaitika, lakini kumfikia ni kuteremka mteremko mkali, kuvuka daraja la miti na kupanda tena mpaka magoti yalie. Anayeishi kilomita nyingi juu ya mgongo wako ni jirani wa karibu kuliko huyo unayemwona. Ngũgĩ mwenyewe alizaliwa mwaka 1938 Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, upande wa kusini wa nchi hiyo ya mabonde. Umbali wa namna hiyo, wa kuonana bila kufikiana, hakuhitaji kufundishwa.

Sasa tazama jinsi umbo hilo linavyopenya kwenye msuko. Riwaya imejengwa kwa jozi. Kameno ina Chege, mzee wa mila. Makuyu ina Joshua, mhubiri, mwenye nyumba ya bati inayojitenga na za wengine. Joshua ana mabinti wawili, Muthoni na Nyambura. Waiyaki ana rafiki, Kinuthia, na mpinzani, Kamau. Kila mgongo unajidai kwamba ndio uliokanyagwa na Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa kabila, walipopita, kwa hiyo ndio wenye haki ya kuongoza. Hata sentensi zinafuata mkumbo huo: fupi, zenye mizani, kauli ikijibiwa na kauli iliyo sawa nayo. Wapo wanaosema ni mdundo wa Biblia. Mimi nasikia zaidi mteremko na mpando. Sentensi inashuka, inafika majini, inapanda upande wa pili.

Na majini ndiko kila jambo zito hutokea. Muthoni anamfunulia dada yake siri ya kutaka kutahiriwa wakiwa wameenda kuteka maji. Tohara yenyewe inafanyika kando ya Honia, alfajiri, maji baridi yakiwa dawa ya ganzi. Ni hukohuko Waiyaki anamkuta Nyambura akisali, na ni hukohuko watu wanakusanyika mwishoni kumhukumu. Mtu anaweza kulalamika kwamba huu ni upangaji wa kupindukia, kwamba mwandishi kijana ameshikilia kifaa kimoja na hakiachi. Lakini hebu tujiulize: watu wa migongo miwili wangekutana wapi kwingine? Juu mgongoni kila mtu yuko kwake. Mahali pekee pasipo na mwenyewe ni ule ukanda mwembamba wa chini, penye mchanga na mafunjo. Ngũgĩ hakuuchagua mto kwa sababu ni ishara nzuri, bali nchi yenyewe haikumwachia uwanja mwingine. Hapa fani na mandhari vimeshikana kiasi kwamba huwezi kuondoa kimoja bila kukivunja kingine, na ni riwaya chache za miaka hiyo zenye mshikamano wa aina hiyo.

Basi upofu uko wapi? Uko nyuma ya migongo.

Kila mgongo katika nchi ile una miteremko miwili, na kwa hiyo una mito miwili. Kameno unaotazama Honia kwa uso wake mmoja lazima uwe na uso mwingine unaotazama mto mwingine, ambao nao una mgongo wake wa ng'ambo, wenye watu wake, nyimbo zao na madai yao. Watu wa upande huo wa Kameno hawanywi maji ya Honia hata tone. Wao wanateka wapi? Wanachumbia kwa nani? Tohara wanaifanyia mto gani? Riwaya haisemi, na kwa kuwa haisemi, migongo yake miwili imekuwa kama kuta mbili za jukwaa: zimepakwa rangi upande wa watazamaji tu. Ile mingine iliyotajwa kwa jumla katika ukurasa wa kwanza inarudi baadaye kama umati unaohudhuria mikutano na kupeleka watoto Marioshoni, shuleni kwa Waiyaki, lakini haipati sura.

Mtu wa maji angekushangaza kwa kukwambia kwamba mpaka halisi hauko mtoni hata kidogo. Katika hesabu ya dakio, mto ndio mahali pa kuunganika, na mgongo ndio unaogawa. Chukua Gatundu, mahali Chania na Ndarugu zinaposhuka kwa ujirani. Mvua inayoangukia mteremko wa kaskazini wa mgongo ulio kati yao inaingia Chania, inakutana na mto Thika mjini Thika, inaishia Tana na kufika baharini upande wa Kipini. Mvua iliyoangukia mteremko wa kusini wa mgongo huohuo inaingia Ndarugu, inakwenda mto Athi, inabadilika jina kuwa Galana na Sabaki, na kutokea baharini karibu na Malindi. Familia moja, shamba moja lililokaa kileleni, na maji ya paa lake yanaachana palepale kwenye kipenu yasionane tena mpaka Bahari ya Hindi. Kumbe watu wa Kameno na Makuyu wanaotazamana, kwa sheria ya maji, ni wamoja kuliko watu wa Kameno wanaopeana mgongo.

Sisemi kwamba Ngũgĩ alikosea jiografia. Nasema kwamba kwa kuchagua sura ya mkato, ile ambayo mwalimu huchora ubaoni, mlima, bonde, mlima, alijifunga kwenye mzozo wa pande mbili. Sura ya mkato haina jinsi ya kuonyesha pande tatu. Ndiyo maana wahusika wanaojaribu kuwa upande wa tatu hawana pa kusimama katika kitabu hiki. Muthoni anataka kuwa Mkristo na kuwa mwanamke wa kabila kwa wakati mmoja. Anavuka kwenda kwa shangazi yake Kameno, anatahiriwa, jeraha linaoza, anafia mikononi mwa hospitali ya misheni. Tunaambiwa amekufa kwa sababu ya jeraha. Kwa mtu anayesoma fani, amekufa kwa sababu mchoro hauna mahali pake.

Kuna mhimili mwingine uliokosekana, na huo unaniuma zaidi. Honia haina chanzo wala mdomo. Tunauona mto ukipita, tunausikia mlio wake, tunaambiwa kwamba haukauki hata wakati wa kiangazi, kana kwamba una nia yake ya kuishi. Hakuna mhusika anayeufuata mto kwenda juu kuona unatoka wapi, wala kwenda chini kuona unakoishia. Sasa, mto wa Murang'a usiokauka haukauki kwa sababu zinazojulikana: msitu wa Nyandarua unaokamua ukungu na mvua ya misimu miwili, na miamba ya volkano inayohifadhi maji chini na kuyaachia polepole. Wakati ambao kisa kinatokea, miaka ya mzozo wa tohara uliofika kilele mwaka 1929, msitu huo ulikuwa umeshatwaliwa na serikali ya kikoloni kuwa hifadhi. Kule chini nako, reli ilikuwa imefika Thika tangu 1913, na nyanda ambako migongo inalala tambarare zilikuwa mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge. Kwa kejeli ya ajabu, Makuyu halisi ya kwenye ramani iko hukohuko chini, kwenye iliyokuwa nchi ya mkonge, mahali pasipo na mabonde ya kutazamana. Kwa maneno mengine, watu wa migongo walikuwa wamebanwa juu na chini, wamebaki na sehemu ya katikati tu.

Ukoloni ulipanda kwa urefu wa mgongo. Ulitoka nyandani, ukafuata njia za juu, ukajenga vituo kama Fort Hall, ukatoza kodi. Katika riwaya, habari za Wazungu, za misheni ya Siriana, za kodi na za ardhi iliyochukuliwa hufika kama uvumi kutoka nje, bila mwelekeo. Hatujui kama zimetoka juu au chini. Waiyaki anaiona hatari, anazungumza juu ya elimu na umoja, lakini umoja anaouwaza ni wa kuvuka tu: Kameno ishikane na Makuyu. Nao wakishikana, watakuwa wamesimama wapi? Katika bonde lilelile, huku juu kumefungwa na chini kumeuzwa. Waiyaki mwenyewe anakuja kuhisi mwishoni kwamba alichelewa kuwaambia watu lengo la umoja ni nini. Wahakiki wengi huliona hilo kama udhaifu wa tabia yake. Mimi naliona kama ukweli wa mchoro: mtu aliyepewa mhimili mmoja hawezi kuwaza mhimili wa pili.

Yuko atakayenipinga kwa sura ile ambayo Chege anampandisha mwanawe Waiyaki kwenye kilima kitakatifu, chini ya mkuyu, na kumwonyesha nchi yote mpaka Kĩrĩnyaga, yaani Mlima Kenya, huku akimsimulia utabiri wa Mũgo wa Kĩbirũ juu ya wageni wenye nguo kama vipepeo. Ni kweli, huo ndio wakati pekee ambapo kitabu kinatazama mbali, na ndiyo maana ni sura nzuri kuliko zote. Kwa muda mfupi mvulana anapakaribia pale alipokuwa msimulizi wa ukurasa wa kwanza. Lakini angalia kinachofuata. Chege anatafsiri mandhari kwa ukoo: nchi ni urithi, na mkombozi atatoka katika damu yao. Badala ya kumpa mtoto ramani, anampa wajibu. Waiyaki anashuka kilimani na mzigo, siyo na ujuzi wa njia, na tangu hapo kila akirudi pale anatafuta amani ya moyo tu. Jicho la juu limegeuzwa kuwa utabiri, na utabiri hauna dira.

Ushahidi kwamba Ngũgĩ mwenyewe aliliona pengo hilo uko katika vitabu vyake vilivyofuata. Katika A Grain of Wheat, 1967, kitovu cha mikutano ni stesheni ya treni ya Rung'ei. Vijana wanakwenda kulipokea gari linalotoka kwingine na kwenda kwingine, na mstari wa reli umechukua nafasi ya mstari wa mto. Katika Petals of Blood, 1977, wanakijiji wa Ilmorog waliopigwa na ukame wanafunga safari kwa miguu hadi mjini kumtafuta mbunge wao, kisha barabara kuu inakuja na kukigeuza kijiji. Kutoka mkato kwenda urefu: huo ndio ukuaji wa mwandishi kwa lugha ya fani. Vitabu hivyo vina ukubwa ambao The River Between haina. Lakini kwa maoni yangu havina mshikamano wake. Petals of Blood inatanuka mpaka inapoteza kiuno. Riwaya ya kwanza kuandikwa imebana, na kubana huko ndiko kunakoifanya isomeke kwa siku moja na kukaa kichwani miaka.

Nilisema upofu na ustadi vina asili moja, na sitaki kuurudisha nyuma usemi huo kwa upole. Mwisho wa kitabu, Waiyaki na Nyambura wamekabidhiwa kwa Kiama, baraza la walinzi wa mila, giza limeingia, na msimulizi anapanda tena juu alikokuwa mwanzoni, akituachia migongo imelala na mto unapita. Wasomaji wengi huona faraja hapo: maisha yanaendelea. Mimi nawaza maji yale yanakwenda wapi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi leo hutoka katika mabonde haya, hasa bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, lililokamilika 1994 na lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 70. Yanayobaki hushuka hadi bwawa la Masinga, lililojengwa 1981, na kupita mitambo ya umeme kabla ya kuingia nchi kavu ya mashariki. Kisha yanawafikia Wapokomo, ambao wanaishi kwenye kingo zote mbili za Tana na ambao hujigawa kwa juu na chini, Wapokomo wa Juu na Wapokomo wa Chini, kwa mkondo wa maji na siyo kwa ng'ambo. Maji yaleyale yamezaa jiografia mbili za fikra. Mmoja akisema "wale wa upande wa pili," mwingine husema "wale wa juu yetu."

Riwaya haikuwa na deni la kufika Kipini, hilo nalikubali. Riwaya huhukumiwa kwa kile ilichoahidi, na hii iliahidi bonde moja ikalitimiza. Lakini sisi tunaoifundisha na kuihakiki tuna deni, kwa sababu tumelichukua bonde hilo kama ndiyo nchi yote. Tumewafundisha vijana kwamba mgogoro wa kisa ni mila dhidi ya dini, Kameno dhidi ya Makuyu, kana kwamba msitu wa juu na mashamba ya chini havikuwepo. Nina ombi kwa mwalimu atakayeipeleka The River Between darasani. Kabla ya kuuliza Honia ni ishara ya nini, abandike ukutani ramani ya Murang'a na Kiambu yenye mistari ya kontua. Awape wanafunzi kalamu, waifuate mito mmoja mmoja kutoka msituni hadi Thika na kuendelea, waweke alama ya msitu wa hifadhi na ya mashamba ya walowezi, kisha watafute mahali ambapo Kameno na Makuyu zingeweza kukaa. Halafu awaulize watu wa upande wa nyuma walikuwa wanateka maji wapi.